Vibaka kichochoroni: tununue kamera, tuinue kuta, au tufanye nini?

"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni katibu wa kamati ya ulinzi shirikishi ya mtaa wetu, pembezoni mwa Dar es Salaam. Kutoka kituo cha daladala hadi nyumba za chini tunapita kichochoro cha kama mita mia mbili. Kina kuta ndefu pande zote mbili, kona moja kali, na pagala ambalo mwenyewe yuko mkoani. Akina mama wanaorudi sokoni usiku na vijana wanaowahi kazini alfajiri wanakabwa, wananyang'anywa simu na mikoba. Tumechangishana fedha, ila si nyingi. Wengine wanataka kamera, wengine tuinue kuta na kuweka geti, wengine taa moja kubwa ya mnara. Binti mmoja anayesomea sanaa alisema tupake rangi na picha ukutani, watu wakamcheka. Je, ubunifu unaweza kweli kuzuia uhalifu au ni mapambo tu? Na tukifaulu, vibaka si watahamia mtaa wa pili?"

Marahaba, katibu. Nianze na jibu lenyewe: ndiyo, ubunifu unazuia uhalifu, na umepimwa kwa namba mara nyingi. Lakini katika mambo matatu mnayobishania, moja litawadhuru, moja litawasaidia kidogo sana, na la tatu linategemea mtaliwekaje. Yule binti mliyemcheka yuko karibu na ukweli kuliko wanaotaka geti.

Kibaka wa kichochoroni si jambazi wa kupanga tukio mwezi mzima. Anasimama mahali, anapima. Nani ananiona? Nikishanyakua simu natokea wapi? Kuna mtu hapa wa kuniuliza "wewe ni mgeni wa nani"? Majibu anayasoma kwenye ile kona, kwenye kuta, kwenye giza na kwenye pagala lenu. Mkiyabadilisha, wengi wao wanaacha.

Najua kuna wazee katika kamati watakaosema mwizi ni mwizi tu. Waelezee kilichotokea Ujerumani Magharibi. Mwaka 1980 walianza kuwatoza faini waendesha pikipiki wasiovaa helmeti. Sheria ile ilikuwa ya kupunguza majeraha ya ajali, haikuhusu wizi hata kidogo. Mwaka huo ziliibwa pikipiki zipatazo 150,000. Kufikia 1986 zilikuwa zimeshuka hadi kama 54,000. Kumbe wezi wengi wa pikipiki walikuwa wapita njia: anaiona imeegeshwa, anaichukua. Sasa akiipanda kichwa wazi anasimamishwa na polisi njia panda ya kwanza, na ni wachache wanaozunguka mjini na helmeti mkononi wakisubiri bahati. Tabia za watu hazikubadilika katika miaka sita. Kilichobadilika ni urahisi wa kuiba. Kazi yetu sisi wa usanifu na mipango miji ni kuuondoa urahisi huo bila kuwafanya watu wema waishi kama wafungwa.

Ndiyo maana nina ugomvi wa siku nyingi na kuta ndefu. Ukipita mitaa mingi ya Dar es Salaam na Nairobi utaona ukuta umepita kichwa cha mtu mzima, juu yake vipande vya chupa au nyaya za umeme, na geti la bati lisilo hata na tundu. Mwenye nyumba analala akijua yuko salama. Sasa fikiria mama anakabwa mbele ya ukuta huo saa tatu usiku. Anapiga kelele. Aliye ndani anasikia lakini haoni kitu. Hajui nje wapo wangapi, hajui kama wana panga, na hawezi kufungua geti kwa sauti tu. Anasubiri, na ana haki ya kuogopa. Mpaka apate moyo wa kutoka, mkoba umeshaondoka. Na mwizi akifanikiwa kuruka na kuingia ndani, ukuta ule ule unamficha yeye, kwa sababu jirani naye haoni. Kuta zenu mbili zimetengeneza bomba: ukishaingia huonekani, na pa kuchepukia hakuna.

Wenzetu waliojenga Mji Mkongwe wa Zanzibar na Lamu walikuwa na vichochoro vyembamba kuliko chenu, lakini nje ya milango waliweka baraza za mawe. Wazee wanakaa, wanakunywa kahawa, wanacheza bao, na kila anayepita anaonekana na kusalimiwa. Baraza ile ni ya ukarimu, na papo hapo inaulinda mtaa. Nyumba zetu mpya zimeipa njia mgongo.

Kwa hiyo msiinue kuta. Zitobolewe. Nyumba tatu au nne zilizo karibu na kona zikikubali kushusha ukuta hadi usawa wa kiuno na kuweka juu yake nondo au matofali yenye matundu, ulinzi wa kiwanja unabaki palepale na njia inaanza kuonekana. Dirisha la jiko au la sebule likitazama njia, bora zaidi. Ile kona kali ikatwe mshazari: mwenye ukuta aachie pembe ndogo ya eneo lake, fundi abomoe ncha na kujenga upya kwa mlalo, ili anayekuja amwone aliyesimama upande wa pili akiwa bado na nafasi ya kugeuka. Katika yote nitakayokuambia, hili ndilo ninalolipenda kuliko mengine, maana halihitaji umeme, halihitaji betri, na halichakai. Mwenye ukuta akikataa kabisa, kioo cha mbinuko kama vile vya kwenye maegesho kitasaidia kidogo, ila usiku bila mwanga hakionyeshi kitu.

Geti ndilo litakalowadhuru. Watakaolitetea wanaweza kutoa mfano wa Liverpool, Uingereza, ambako vichochoro vingi viliwekewa mageti na wizi wa kuvunja nyumba ukapungua. Ni kweli. Lakini vile ni vichochoro vya nyuma ya nyumba, hakuna mtu anayelazimika kupita pale kwenda kazini, na kila kaya inayopakana nacho ina ufunguo wake. Chenu ni njia ya watu wote. Saa kumi na moja alfajiri ufunguo atakuwa nao nani? Kijana akikimbizwa akakuta geti limefungwa, mmemjengea mtego. Mgonjwa akizidiwa usiku, au nyumba ikishika moto, mtatafutana.

Sasa pagala. Katika barua yako umelitaja kwa maneno machache, mimi nililiona ndilo kiini. Jiji la Philadelphia, Marekani, lina maelfu ya viwanja na nyumba zilizotelekezwa. Mwaka 2011 lilianza kuwabana wamiliki wa nyumba tupu waweke milango na madirisha yanayofanya kazi, si kugongea mbao wala kuziba matundu. Watafiti walipolinganisha nyumba zilizotengenezwa na zisizotengenezwa, waliona mashambulizi, yakiwemo ya bunduki, yamepungua kuzunguka zile zilizotengenezwa. Kisha wakaja na jaribio kubwa la viwanja vitupu 541, matokeo yake yalitoka 2018. Vingine viliachwa kama vilivyo, vingine vilisafishwa: takataka zikaondolewa, nyasi zikapandwa na miti michache, ukajengwa uzio mfupi wa mbao wenye nafasi ya kupita. Katika mitaa maskini zaidi, matukio ya bunduki yalipungua kwa asilimia 29 pale palipofanyiwa kazi. Hakuna mlinzi aliyeajiriwa, hakuna kamera iliyofungwa. Ni usafi, nyasi na uzio wa kiunoni.

Uzio ule mfupi ndio mafunzo yote. Haumzuii mtu, mtoto wa darasa la pili anauruka. Ila unamwambia kila apitaye kwamba mahali hapa pana mwenyewe. Pagala lenu linasema kinyume, na vibaka wanalisoma vizuri sana: ndani unaweza kuvuta bangi, kuficha panga, kusubiri giza, kugawana mali.

Hapa Tanzania tuna dawa ambayo Philadelphia hawana, nayo ni desturi ya kumweka mtu kwenye pagala. Wenye majengo wengi wakisafiri huacha familia ikae bure kwa sharti la kulinda saruji na mabati. Mtafuteni mwenyewe kupitia serikali ya mtaa, si kwa kumtishia bali kwa kumwonyesha kwamba mali yake inaharibika. Mkubaliane kwa maandishi, mbele ya mtendaji, nani atakaa na kwa masharti gani ataondoka siku mwenyewe akitaka kujenga. Chumba kimoja kipauliwe na kuwekwa mlango na dirisha linalotazama kichochoroni. Moshi wa jiko na sauti za watoto jioni pale vitafanya kazi ambayo pesa zenu zote za kamera haziwezi. Akigoma mwenyewe, ombeni walau ruhusa ya kufyeka na kubomoa ukuta wa upande wa njia, ndani paonekane. Msizibe madirisha kwa matofali, maana mkiziba mmewajengea ghala.

Nikiwa kwenye kufyeka: msikate miti mikubwa. Kamati nyingi za ulinzi zikianza kazi zinakimbilia panga na shoka, mwembe wa watu unakwenda. Kichaka cha usawa wa mtu ndicho kinachoficha. Punguzeni vichaka visipite kiuno, na matawi ya miti yainuliwe juu ya kichwa. Utafiti wa 2001 uliofanywa kwenye majengo 98 ya nyumba za umma za Ida B. Wells, Chicago, uliona majengo yaliyozungukwa na miti na nyasi yana uhalifu mdogo kuliko yale ya udongo mtupu, wakati wakazi wenyewe walikuwa wa hali moja. Chini ya kivuli watu wanakaa, na wakikaa wanaona.

Taa. Hapa nitakawia kidogo kwa sababu ndipo fedha za mitaa mingi zinapopotea. Kwamba mwanga unapunguza uhalifu, hilo halina mjadala mkubwa. Mwaka 2016 jiji la New York lilichukua makazi ya nyumba za umma karibu 80 yenye uhalifu mwingi, na kwa bahati nasibu karibu nusu yake yakawekewa minara ya taa kali. Katika miezi sita, uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa takriban asilimia 36. Mwenye hoja ya mnara katika kamati yenu akisoma hapa atafurahi. Asubiri. Makazi yale ni maghorofa yenye viwanja vipana katikati, na taa ya juu inafika kila mahali. Njia yenu ni bomba jembamba.

Nairobi wana uzoefu mrefu wa minara hii. Wenyewe wanaiita mulika mwizi, na imesimama kwenye mitaa mingi ya mabanda. Imesaidia: biashara zinachelewa kufunga, watu wanajumuika chini yake. Lakini ingia vichochoroni hatua chache kutoka kwenye mnara uone. Taa iko juu sana na upande mmoja, ukuta unakata mwanga, na kivuli chake kinakuwa cheusi kuliko giza la kawaida kwa sababu macho yako yameshazoea ukali wa taa. Anayekuja kutoka mwangani haoni kitu. Aliyesimama kivulini anamwona yeye vizuri, mpaka rangi ya mkoba. Mnara mmoja ukiwekwa kituoni kwenu utakuwa unamwangazia kibaka mawindo yake. Tena taa moja ikiungua, mtaa mzima umezima.

Khayelitsha, kitongoji kikubwa cha Cape Town, kina minara hiyo tangu zamani. Watafiti na wakazi wa eneo moja la mabanda pale walijaribu njia nyingine: taa ndogo za sola zikafungwa kwenye kuta za nyumba zenyewe, karibu na milango, nyingi na za chini. Hicho ndicho ningewashauri. Taa ndogo, kimo cha mita tatu hivi ili zisidokolewe kirahisi, zikitazama chini na si machoni mwa watu, zikiachana kwa umbali ambao duara la mwanga wa moja linagusa la nyingine. Usawa wa mwanga ni muhimu kuliko ukali wake. Kipimo chake hakihitaji chombo: simama, mwambie mwenzako asogee hatua kumi na tano hivi, kisha uangalie kama unautambua uso wake. Kama unaona umbo tu, mwanga hautoshi au uko mahali pasipofaa. Taa ziwe nyeupe, si za rangi ya chungwa, ili shahidi aweze kusema shati lilikuwa la kijani au la bluu.

Na kila taa iwe na nyumba yake. Betri ya sola inachoka, kioo kinashika vumbi, na ndani ya mwaka mtaona zilizopona ni zile zilizo na mtu. Mwenye ukuta asaini kwamba ya kwake ataifuta vumbi na kutoa taarifa ikizima. Kamati itunze fungu la betri. Tengeni fungu hilo kabla ya kununua taa ya kwanza, hata kama maana yake ni kununua taa pungufu.

Jambo moja la taa huwashangaza wengi. Mapitio ya tafiti za Marekani na Uingereza yaliyotolewa 2008 yaliona mitaa iliyoboreshewa taa ilipata uhalifu pungufu kwa takriban asilimia 21, na ulipungua hata mchana, taa zikiwa zimezimwa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba mtaa uliotengenezwa unawatoa watu nje na kuwapa moyo wa kuutetea. Ndiyo maana nilisema binti yenu yuko karibu na ukweli.

Rangi peke yake haimzuii mtu mwenye kisu. Lakini tazameni inavyofanya kazi na vitu vingine. Ukuta wa saruji ulioota ukungu unameza mwanga. Ukipigwa chokaa unaurudisha, na taa zilezile ndogo zinatosha njia nzima. Hiyo ni faida ya kwanza na ya bei nafuu kabisa. Ya pili ni kujua ulipo. Tangu kampeni ya anwani za makazi ya 2022 nyumba nyingi zina namba, lakini kwenye kuta ndefu za nyuma namba haipo. Ziandikwe kubwa, kwa rangi, upande wa kichochoro, ili anayepiga simu kuomba msaada aseme "karibu na namba fulani" badala ya "pale pale kwenye giza". Picha za binti zikiwekwa kila baada ya kipande, kila moja tofauti, zinafanya kazi hiyo hiyo hata kwa mtoto asiyesoma namba. Ya tatu ni watakaozichora. Msimwachie yeye na rafiki zake. Waiteni wale vijana wanaokaa kijiweni, wapeni brashi, wale chakula pamoja na mafundi. Ukuta uliopakwa na vijana wa pale unalindwa na vijana wa pale.

Hapo nakumbuka Dandora, mashariki mwa Nairobi. Mtaa ule ulipangwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: watu walipewa viwanja vyenye huduma wajijengee wenyewe, na katikati ya nyumba pakaachwa nyua za pamoja. Kwa kuwa ua ulikuwa wa wote ukawa hauna mwenyewe. Takataka zikajaa, kisha uhalifu. Miaka kumi na ushee iliyopita vijana wa hapo hapo, baadaye chini ya mwavuli wa Dandora Transformation League, walianza kusafisha ua mmoja mmoja. Walipaka rangi kuta, wakapanda maua, wakaweka vitu vya kuchezea watoto na lango la kuingilia lililopambwa. Kilichofanya nyua zile zidumu ni riziki iliyofuata: kuosha magari, kulinda magari usiku, mchango mdogo wa kaya. Kijana ambaye jana mama alikuwa akivuka barabara kumkwepa, leo anamjua kwa jina na anamlipa kwa kazi yake. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, walikuja baadaye kusaidia mtaa wa mfano, ila kazi ilikuwa imeshaanza bila wao.

Cape Town nako, kuanzia 2005, halmashauri ya jiji ikishirikiana na benki ya maendeleo ya Ujerumani, KfW, ilianzisha Khayelitsha mradi wa kuzuia ukatili kwa kuboresha mazingira, unaojulikana kama VPUU. Walianza kwa kuwauliza wakazi: mnaibiwa wapi, saa ngapi, mkitoka wapi kwenda wapi? Ikaonekana hatari imejipanga kwenye njia za miguu zinazokatisha maeneo ya wazi baina ya stesheni na nyumba. Wakazijenga njia hizo, wakaziwekea taa, na kandokando yake wakasimamisha vijengo vidogo vya ghorofa, kila kama mita 500, ili ukikiacha kimoja uone kinachofuata. Juu anaishi mtunzaji, chini kuna chumba cha wanamtaa, cha doria au cha mikutano, na taa inawaka usiku kucha. Ukitishwa unakimbilia pale, na unajua kuna mtu.

Nyinyi hamna fedha ya vijengo vya ghorofa, na mita mia mbili hazivihitaji. Mnahitaji mtu mmoja kila ncha. Kwenye mdomo wa kichochoro upande wa kituo, mpeni nafasi mama lishe au mwenye genge anayefunga usiku, kibanda chake kikitazama ndani ya njia na si barabarani tu. Upande wa chini, wavuteni bodaboda wahamishie kijiwe chao pale. Wao wapo mpaka usiku wa manane na wanarudi alfajiri, saa zile zile mnazokabwa. Mtu wa chapati za alfajiri ana thamani kuliko mlinzi wa kampuni. Najua baadhi ya halmashauri hupenda kuwaondoa watu hawa kwa jina la usafi. Kwenye njia kama yenu ni kujitoa macho. Zungumzeni na mtendaji mapema ili asije akawaondoa wale mliowaweka.

Kamera sasa, ambayo nilisema itawasaidia kidogo. Mapitio ya 2019 yaliyokusanya tafiti za miaka 40 yaliona kamera zinapunguza uhalifu kwa wastani wa asilimia 13, na faida kubwa iko kwenye maegesho ya magari. Kwa uhalifu wa nguvu, kama huo wa kukabana, hazikuonyesha tofauti ya maana. Kamera inahitaji umeme, intaneti, na mtu wa kuitazama anayeweza kufika haraka. Msipokuwa naye, mtabaki na picha ya kofia. Zikibaki fedha mwishoni, fungeni moja kituoni. Msianze nayo.

Kabla ya kununua chochote, fanyeni matembezi ya usalama. Njia hii ilianzishwa na shirika la METRAC la Toronto, Canada, mwaka 1989, na imeenea duniani. Wachukueni akina mama sita au saba wanaopita pale kila siku, mzee mmoja, mtu mwenye ulemavu kama yupo, na kijana mmoja wa kijiweni. Nendeni saa mbili au tatu usiku, kisha rudini saa kumi na moja alfajiri, maana kichochoro cha jioni na cha alfajiri ni vichochoro viwili. Mkiwa na karatasi ya ramani mliyochora wenyewe, kila mtu aweke alama pale moyo unapomdunda, aseme kwa nini: hapa sioni mbele, hapa pananuka, hapa juzi alisimama mtu. Wanaume wa kamati wasijibu wala kubishana, waandike. Nimeona mara nyingi mahali ambapo wanaume wamekusudia kuweka taa si mahali ambapo wanawake wanaogopa. Wekeni pia kwenye ramani matukio mnayoyajua, siku na saa zake. Mkishapata alama hizo, bajeti itajigawa yenyewe.

Niseme wazi mpaka wa haya yote. Kundi la vijana ishirini wenye mapanga linalovamia nyumba hadi nyumba, kama lile la panya road lililoitikisa Dar es Salaam mwaka 2022, halizuiwi na chokaa na taa za sola. Hilo ni la polisi. Na hata Medellín, Kolombia, ambayo wasanifu tunapenda kuitaja, kazi haikuwa ya usanifu peke yake. Mwaka 2004 walipeleka magari ya kebo kwenye mitaa ya milimani, pamoja na njia, madaraja, taa na maktaba. Hadi 2008 kiwango cha mauaji katika mitaa hiyo kilikuwa kimeshuka kwa asilimia 66 zaidi kuliko katika mitaa ya kufanana nayo isiyofikiwa. Lakini polisi waliongezwa pia, na siasa za jiji zilibadilika. Usimruhusu mtu yeyote auze rangi na maua kama dawa ya kila kitu.

Swali lako la mwisho, kwamba vibaka watahamia mtaa wa pili. Hutokea, ila mara chache kuliko watu wanavyodhani. Mapitio ya 2009 ya tathmini 102 yaliona uhalifu ukihama katika asilimia 26 ya vipimo, na katika asilimia 27 majirani walipata nafuu wao pia, bila kufanya lolote. Hata wezi wa pikipiki wa Ujerumani hawakugeukia magari kwa wingi uleule. Uhamaji hutokea zaidi pale kazi inapofanywa nusu. Uingereza mwaka 1971 iliagiza kufuli za usukani kwa magari mapya tu, wezi wakageukia magari ya zamani. Ujerumani Magharibi ilikuwa imeshaagiza kila gari, jipya na kuukuu, liwe nayo kufikia 1963, na wizi ukashuka kweli.

Kwa hiyo matembezi yenu yasiishie mpakani. Mwombeni mwenyekiti wa mtaa wa pili alete watu wake watatu siku hiyo, na ramani iwe moja. Hukuniandikia kama kichochoro kinatokea kwao. Kama kinatokea, taa ya mwisho ifungwe upande wao, kwenye ukuta wa mtu wao, na mtu wao ndiye asaini kuitunza.